Shamba la Mtopanga: gumzo la ukoo

Swaleh: Asalaam aleikum. Nshapata mnunuzi wa ploti mbili za nyuma pale Mtopanga, Mombasa. Kesho atoa arbuni. Ami Salim, nipokee?

Ami Salim: Waaleikum salaam. Ngoja kwanza mwanangu. Ploti zipi? Pale kuna ekari moja, hati moja, na hati ina jina la marehemu babu yako.

Swaleh: Zile zilizowekwa bikoni, yale mawe ya mipaka, Jumamosi. Zimetoka ploti nane, futi 50 kwa 100. Karatasi ninayo, ina muhuri.

Ami Salim: Muhuri wa aliyeichora, si wa kaunti. Leo alasiri nilipita shambani. Bikoni ya pembeni, chini ya mwembe, nimeigusa kwa mguu ikacheza.

Zuhura: Ami, hata hesabu haikubali. Shamba ni futi 200 kwa 218. Ploti nne huku, nne kule, 50 mara nne ni 200, sawa. Lakini kina ni 100 na 100, zabaki futi 18 za njia. Njia inayotakiwa ya mita 9 ni futi 30 hivi! Mchoraji alibana njia ili atoe nane.

Swaleh: Kwani 18 haitoshi? Gari yapita.

Shangazi Mwanaisha: Swaleh babangu, mimi Kisauni niliuziwa kwa karatasi kama hiyo. Siku ya maziko ya ami yako, jeneza lilipitishwa juu ya ua wa jirani. Wanaume sita, wawili wamepanda ukutani. Sijasahau.

Swaleh: Allah amrehemu. Samahani shangazi, sikujua.

Zuhura: Tukiacha futi 30, kila ploti yawa 50 kwa 94. Na hapo bado kaunti haijakubali. Wewe ushamwahidi mtu 100.

Swaleh: Basi tuanzie wapi?

Ami Salim: Kwa kadhi. Mirathi ikithibitishwa ndipo wenye haki ya kutia sahihi wajulikane. Sasa hivi hakuna hata mmoja wetu awezaye kuuza.

Shangazi Mwanaisha: Na hisa zetu wanawake zisipotee humo kwenye kugawa.

Ami Salim: Hazipotei dadangu. Ndiyo maana nasema kadhi kwanza.

Zuhura: Kisha mtaalamu wa mipango ya ardhi achore upya, tuombe kibali kaunti kwa ile sheria ya 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi, na deni la kodi ya ardhi liwe limelipwa. Kibali kikitoka ndio savea mwenye leseni aweke bikoni. Ramani zaenda Ruaraka, Nairobi, kwa Mkurugenzi wa Upimaji. Zikisajiliwa, hati ya babu yarudishwa na kila ploti yapata yake. Njia yawa ya umma, haitakuwa ya mtu tena. Sisi tumeanza na bikoni, tumeruka yote ya mbele. Na kuanza bila kibali ni kosa, faini yafika shilingi 500,000.

Swaleh: Nimempigia mnunuzi, nimemweleza. Amesema bora nimemwambia kabla ya pesa kutoka. Atangoja.

Ami Salim: Allah akulipe. Kesho baada ya adhuhuri, kwa shangazi. Njoo na cheti cha kifo cha babu na nakala ya hati. Zuhura, ile tepu ndefu ya kupimia usiisahau, twende tukaipime njia wenyewe.

Shangazi Mwanaisha: Ntapika biriani. Ule mwembe lakini msiukate.