Nyumba ya zamani ya masista kugeuzwa maktaba, Mji Mkongwe: dari za boriti zitabeba vitabu?

Msomaji wa Shangani
Assalaam alaykum. Kuna nyumba ya mawe ya ghorofa moja, zamani wakikaa masista, inatakiwa iwe maktaba ya watu wote. Vyumba ni vyembamba, mita 3 kwa 9, dari za boriti za mkoko. Kuta za chini zina unga mweupe na lipu inabanduka. Vitabu vipo kama 6,000. Rafu zikae wapi, na unyevu utatibiwaje?

Boriti
Waalaykum salaam. Anza na hesabu. Mita moja ya rafu hupokea vitabu kama 35, kilo 30 na ushei. Vitabu 6,000 ni mita 170, zaidi ya tani 5. Kabati la rafu sita, upana mita moja, ni kilo 200 juu ya kipande cha sakafu kisichofika nusu mita ya mraba. Sakafu ya nyumba ya kukaa watu hukadiriwa kilo 200 kwa mita ya mraba nzima. Kwa hiyo vitabu chini, meza za kusomea juu.

Vikilazimika kupanda, tumia makabati mafupi ya rafu tatu, yafuate ukuta ambamo boriti zimeingia. Hapo mzigo hugawiwa boriti nyingi, tena karibu na vichwa vyake. Kabati likilala kufuata urefu wa boriti, moja au mbili ndizo zinazobeba mzigo wote.

Na vichwa hivyo ndivyo vinavyooza, kwa maji ya ukutani, huku katikati boriti inaonekana nzima kabisa. Choma kwa bisibisi pale inapoingia ukutani. Ikizama kama kwenye boga lililoiva, boriti hiyo imekwisha. Beit al Ajaib, jumba la kifalme la hapa Mji Mkongwe, la 1883, upande wake mmoja ulianguka tarehe 25 Desemba 2020. Tafadhalini, mhandisi anayejua nyumba za mawe azione dari kabla ya kabati lolote kupanda.

Fundi Chokaa
Huo unga mweupe ni chumvi, na nina hakika ukutani hapo mtakuta lipu ya saruji. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji na kuyatoa. Saruji huyaziba, yakapanda juu zaidi na kuibandua lipu. Rangi ya plastiki ni hivyo hivyo.

Zibeni kwanza yanakotoka maji: mifereji ya paa, bomba lililopasuka, ujia ulioinuliwa ukapita sakafu ya ndani. Kisha bandueni saruji hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu. Chumvi isuguliwe kwa brashi kavu. Mkiosha kwa maji inarudi ndani. Uacheni ukuta upumue kiangazi kizima ikiwezekana. Lipu mpya ni chokaa moja kwa mchanga tatu, na mchanga usiwe wa pwani. Kila koti la lipu lisizidi sentimita moja, linyunyiziwe maji siku kadhaa, maana likikauka haraka linapasuka. Ombeni kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla ya kugusa chochote.

Mkutubi
Makabati yaachane na ukuta sentimita 10, rafu ya chini iinuke 15 kutoka sakafuni. Nunueni kipima unyevu. Ikipita asilimia 65 kwa siku kadhaa, koga huanza kwenye migongo ya vitabu. Masika fungueni madirisha mchana kukiwa na jua, si alfajiri.

Vitabu vya msaada visiingie moja kwa moja. Vyenye wadudu vifungwe kwenye mfuko wa plastiki, vikae wiki mbili kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, kisha siku nzima nje bila kufunguliwa, la sivyo jasho litazilowesha kurasa.

Msomaji wa Shangani
Ahsanteni sana. Eyakondishan iwekwe?

Mkutubi
Ikiwa itazimwa kila jioni, hapana. Vitabu vinabaki baridi, hewa ya joto inaingia na kuacha maji juu yake. Feni za dari zinatosha.