Pakeji ya familia: mbona watu wetu wanauliza bei halafu kimya?

Dereva_Hai: Habari zenu wakuu. Nina kikampuni kidogo cha utalii hapa Moshi, Noah mbili na Coaster ya kukodi. Desemba si mnajua Wachagga wanapanda kurudi nyumbani, wenyewe tunaita kuja kuhesabiwa, mji unajaa, basi nikatengeneza tangazo la Pakeji ya Familia, baba mama na watoto wawili, asubuhi maporomoko ya Materuni mchana chemchemi ya Chemka. Wazungu wanainunua vizuri tu. Watu wetu wanapiga simu, wanauliza bei, halafu kimya. Shida ni bei au mimi ndo sijawaelewa? Naombeni mawazo.

Mama_Wawili: Mkuu shida ni hilo tangazo. Mimi nalea wanangu peke yangu, nikiona picha ya baba na mama nimeshajua hiyo sio yetu napita. Mwaka juzi nimewapeleka hifadhi ya Mikumi, na mama yangu, na mtoto wa marehemu dada. Getini hawana neno, chini ya miaka mitano bure, 5 mpaka 15 wana bei yao ya chini. Kufika lodge, dada wa mapokezi ananiuliza "baba watoto anakuja saa ngapi?" halafu eti chumba cha familia ni wakubwa wawili watoto wawili, wa tano akalale banda lingine. Sasa bibi wa miaka 70 alale peke yake huku tembo wanapita nje? Nikalipa vyumba viwili na bado usiku tukalala wote kimoja. Sijarudi pale.

Kibosho_Juu: Dereva mi nakwambia angalia nani anaamua na nani anatoa hela, kwetu sio mtu mmoja. Desemba iliyopita tulikuwa 17 nyumbani. Watoto ndo waliona Chemka TikTok, wakawasumbua mashangazi, mashangazi wakamuuliza bibi, bibi akasema twendeni, hapo ndo baba mdogo wa Dar akatoa hela. Ungempa bei ya kichwa angezidisha mara 17 akasema mwakani. Tulikodi Coaster bei ya gari zima, ndizi nyama kwenye hotipoti, vumbi la kutoka Boma Ng'ombe tukalila wote. Bibi hakuingia kwenye maji, alikaa kwenye mizizi ya mti akakunja kitenge akazamisha miguu, vile visamaki vikaja kumdonoa nyayo, alicheka mpaka akatoa machozi. Ana miaka 81, kazaliwa hapo Kibosho, Chemka alikuwa hajawahi kufika!

Shangazi_K: Naongezea tarehe. 24 mpaka 26 usitangaze kitu, kuna ibada, kuna mbuzi, kuna vikao vya ukoo. Uza 27 mpaka 30, kabla watu hawajaanza kushuka. Na tangazo lako litume mapema Novemba kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo maana michango inaanza kukusanywa huko, ikifika Desemba hela imeshapangiwa kazi.

Dereva_Hai: Asanteni sana, @Mama_Wawili pole, ile picha naitoa leo leo. Naweka bei ya gari zima, chakula mje nacho, siti ya mbele ya bibi. Ila Materuni inanitatiza, ile njia ya kwenda maporomoko wazee hawaiwezi, je wakibaki kijijini kwenye ziara ya kahawa na mtu wa kukaa nao wataona sawa au watajiona wameachwa?

Kibosho_Juu: Bibi yangu ukimpa kinu atwange hiyo kahawa mwenyewe hatawakumbuka kabisa.