Naomba ushauri: mama ana saratani ya utumbo mpana, dawa zimekataa

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nipo Wete, Pemba. Mamaangu anatibiwa Dar es Salaam saratani ya utumbo mpana. Mwanzo oksaliplatini, dawa ya kemo (ya kuua seli za saratani), ilimsaidia, uvimbe ukanywea. Sasa unakua tena, na daktari anasema seli zimeshakuwa sugu.

Usiku silali, nasoma. Nimeelewa kuwa dawa nyingi za kemo huisukuma seli ijiue kwa utaratibu uitwao apoptosisi, na seli sugu huukwepa. Lakini mwaka 2012 watafiti wa Marekani walikipa jina kifo cha namna nyengine, feroptosisi: madini ya chuma ndani ya seli huyachachisha mafuta ya utando wake, kama mafuta ya nazi yaliyokaa sana, mpaka utando unapasuka. Seli hujikinga kwa kimeng'enya GPX4. Kikizuiwa, hata seli sugu zinaweza kufa. Hayo ni ya maabara na panya, bado si tiba ya hospitali.

Kinachonitia hofu ni kakaangu. Kasikia neno "chuma", keshanunua vidonge vya kuongeza damu, anataka kumpa mama kila siku. Nimemzuia, maana chuma cha kidonge hakichagui seli ya kuua. Je, nimekosea? Damu ya mama kweli ni ndogo.

Aliyewahi kuuguza mgonjwa kama huyu, au aliyemo kwenye fani: Jumatatu nimuulize nini daktari? Tuombe kipimo cha jeni za uvimbe, kama KRAS? Kuna utafiti unaopokea wagonjwa wa kwetu?