Vichwa vya kujazia .30-30 ya tyubu: greini 150 au 170?

Teke_la_Bega: Wakuu, naomba ushauri. Nimerithi Marlin 336 kwa mjomba, bunduki ya risasi za .30-30 zinazokaa ndani ya tyubu chini ya mtutu, pamoja na mashine yake ya kujazia maganda upya. Kulungu ninaowawinda wanakaa msitu mnene, risasi zangu nyingi ni za hatua sitini au sabini. Kwenye sanduku lake kuna vichwa (ile sehemu ya risasi inayoruka) vya aina mbili: vya uzito wa greini 170 vyenye pua bapa, na vya greini 150 vyenye ncha kama sindano. Nimepima, kipenyo ni kimoja, inchi .308. Vya ncha ndivyo vingi, kama mia mbili, na roho inaniuma kuviacha.

Ganda_Tupu: Iache ikuume tu. Ndani ya tyubu risasi hupanga foleni, pua ya hii inagusa kitako cha iliyo mbele yake, palepale penye fataki inayowasha baruti. Bunduki ikipiga teke, foleni nzima inajisukuma, na ncha kali inaweza kufanya kazi ya pini ya kufyatulia. Ikilipuka humo, kumbuka mkono unaoshikia bunduki uko chini ya tyubu hiyohiyo.

Halafu hivyo vya ncha huenda vimetengenezwa kwa mwendo wa .308 Winchester au .30-06, risasi za kasi kuliko hii yako. .30-30 inasukuma greini 170 kwa takriban mita 670 kwa sekunde. Kichwa kigumu kwa mwendo huo hakichanui vizuri. Kinatoboa, kinatokea upande wa pili, nawe unafuata matone ya damu mpaka giza linaingia. Limewahi kunikuta, sitaki kulisimulia.

Chukua 170 za pua bapa. 150 ya pua bapa nayo inaua kulungu vizuri tu; mimi napenda nzito tu.

Babu_Wenzo: Niongeze kidogo, si kila bunduki ya wenzo, yaani ya kukokiwa kwa mkono wa chuma penye kifyatulio kama hiyo Marlin, ina tyubu. Savage 99 yangu ina magazini ya kuzunguka, risasi hazigusani pua kwa kitako, kwa hiyo ncha kali ruksa. Na kwa wenye tyubu, watengeneza vichwa Hornady wana kiitwacho FTX, ncha yake ni laini, ukiibonyeza kwa kidole inabonyea.

Teke_la_Bega: Nimewaelewa. Ila jana nilijaza tano za 170, nikazipitisha kwenye tyubu bila kufyatua. Moja imetoka fupi, kichwa kimezama ndani ya ganda karibu milimita mbili!

Ganda_Tupu: Usiipige hiyo. Kichwa kikizama, nafasi ya baruti inapungua na shinikizo linapanda. Ulibana mdomo wa ganda kwenye ule mfereji uliochongwa kiunoni mwa kichwa? Springi ya tyubu haina huruma. Na pima urefu wa maganda, yasizidi milimita 51.8. Yakipishana, mengine yanabanwa sana na mengine hayabanwi kabisa.

Teke_la_Bega: Nimezifungua zote tano. Ile iliyozama ganda lake ndilo lilikuwa fupi kuliko mengine, mdomo haukuufikia mfereji. Nimeyakata yote yalingane, nimebana upya, nimepitisha mara tatu, hakuna kilichosogea. Vile vya ncha kachukua binamu, yeye ana .308 ya bolti, haina tyubu.