Kalavati la barabara ya zamani ya Musoma, Peugeot 404 na ile Safari ya kuzunguka ziwa: wadau njooni

MtotoWaIgoma
Mwangaluka wakuu. Jumapili nilikuwa Magu kwenye msiba upande wa mama, sasa baada ya kuzika si unajua watu wanakaa kaa chini ya miembe, mi nikasogea pembeni kunyoosha miguu nikakutana na kitu kimeninyima usingizi mpaka leo. Kama hatua mia mbili hivi kutoka kwenye lami kuna kalavati la mawe, mawe yamechongwa vizuri kabisa, limekaa katikati ya shamba la viazi vitamu na halina barabara huku wala huku. Matuta yamepanda mpaka juu yake. Nikamuuliza babu mdogo akasema we hiyo ndo barabara yenyewe ya Musoma, lami ilivyokuja wakanyoosha huko mnakopita nyie, hii wakaiacha ikafa.

Wanaonijua humu wanajua ugonjwa wangu ni magari ya mashindano ya zamani. Bando la usiku lote linaishia kwenye Safari Rally, na siku hizi nimevuka mpaka Marekani kwenye mbio za zamani za Vanderbilt Cup, ambako kuna watu wikendi yao ni kutafuta vipande vya barabara moja ya 1908 vilivyobaki vichakani na nyuma ya nyumba za watu. Nikajiambia kumbe na mi ninayo yangu Magu.

Sasa naomba msaada. Barabara iliyokufa mnaifuataje mpaka vipande viungane, maana babu mdogo yeye ananielekeza "inapita kwa nanihii inashuka mtoni" na huyo nanihii alishafariki. Halafu ni kweli Safari ya kwanza ilikuwa ya kuzunguka ziwa letu? Na kama kuna mwenye 404 inayotembea Mwanza hii ajitokeze, hata kushika stelingi tu inatosha.

SatoWaKukaanga
Usiweke lokesheni hapa mkuu, kesho utakuta mawe yote yamehamia kwenye msingi wa nyumba ya mtu 😂

NyakatoRelini
Hilo la ziwa ni nusu kweli. Wazo la mwanzo lilikuwa kweli kulizunguka Ziwa Victoria, ila fikiria mwenyewe ni mwezi wa tano, masika ndo inamalizia, barabara zote za huku ni moramu na udongo mweusi wa mbuga, ule ukilowa unakamata tairi kama ugali wa moto. Ikashindikana, wakabadilisha njia. Mashindano yenyewe yakakimbizwa 27 Mei mpaka 1 Juni 1953, kesho yake Malkia Elizabeth anatawazwa London, ndo maana yaliitwa Coronation Safari, yaani Safari ya kutawazwa. Na wengi hawajui kwamba mwaka ule hakukuwa na mshindi mmoja wa jumla, magari yaligawanywa kwa bei yake ya dukani, yaani ya bei rahisi yanashindana na ya bei rahisi wenzake. Mimi huo utaratibu naupenda kuliko huu wa siku hizi kwa kweli, hela ya mtu haikununulii ushindi. Mshindi wa jumla wa kwanza ni 1954, Vic Preston na Marwaha, na walikuwa na kobe! Volkswagen kobe hii hii.

Kingine, mashindano yale hayakufungiwa barabara. Unakimbia na huku basi linakuja, ng'ombe wanavuka, mama na baiskeli yake ya mkaa. Imekwenda hivyo hivyo mpaka 2002, na iliporudi kwenye mashindano ya dunia 2021 ndo tunaona njia zimefungwa kule Naivasha.

BwiruBoy
Sasa huyo Vanderbilt wa Marekani anahusikaje na viazi vya Magu? Mtu akisoma kidogo tu tayari anatuletea Wamarekani

MtotoWaIgoma
@BwiruBoy punguza hasira kaka, kaa nikwambie maana ni stori ile ile. William K. Vanderbilt Jr. ni mtoto wa tajiri, 1904 akaanzisha mbio kule Long Island, jirani na New York, kwenye barabara za kijiji za vumbi ambazo watu wanapita na farasi. Alishinda mtu anaitwa George Heath na Panhard. Ndani ya gari mnakaa wawili, dereva na fundi wake, fundi anapampu mafuta kwa mkono, anaangalia tairi, anaangalia nyuma nani anakuja, yaani utingo kamili! 1906 watu wamejaa mpaka barabarani kabisa, gari zinapita katikati yao, mtazamaji mmoja akagongwa akafa. 1907 mbio hazikuwepo.

Vanderbilt akaona dawa ni kujenga barabara yake mwenyewe. Long Island Motor Parkway, 1908, zege yenye nondo, na mahali ikikutana na barabara nyingine wameweka daraja, hakuna njia panda hata moja, hakuna farasi, hakuna ng'ombe, ni gari tu na unalipia dola 2 getini. Dola 2 za 1908! Ilifika maili 45 hivi. Sisi Mwanza reli yenyewe imetufikia 1928 ndugu yangu. Mwaka ule ule wa 1908 Robertson akashinda na Locomobile, gari la kwanza la Kimarekani kuchukua lile kombe. Ila mbio bado sehemu kubwa zilikuwa zinatumia barabara za kawaida na 1910 wakafa mafundi wawili, hao mautingo niliosema, watu kibao wakaumia, ndo ikawa mwisho wa mbio za barabarani Long Island.

Barabara ikabaki ya kulipia. Baadaye serikali ikajenga za kwake za bure, nani tena atalipa getini? Bei wakashusha shusha mpaka senti 40 na bado, 1938 ikafungwa na ikachukuliwa kufidia madeni ya kodi. Leo kipande cha Queens wanaendesha baiskeli, kwingine unakuta mguu wa daraja umesimama peke yake. Sasa niambie ule mguu wa daraja na kalavati langu tofauti ni nini.

BwiruBoy
Tofauti ni viazi 😅 haya nimekuelewa mkuu, endelea

FunditeMabatini
Wanangu shikamooni mlizopaswa kunipa nimeshazipokea. Mimi ni fundi nimestaafu, mjukuu ndiye ananiandikia. Huyo kijana anayetaka kushika stelingi ya 404 ajue anashika nini.

Lile gari tulikuwa tunaliita Pijo tu. Injini yake imelazwa ubavu digrii 45, ukifungua boneti unadhani imeanguka, siyo, imelazwa makusudi boneti likae chini. Cc 1618. Ndani ina laina za kuchomoa, yaani kuta za silinda zinazotoka, ukiua silinda huna haja ya kupeleka bloku kuchonga, unatoa laina na pistoni unaweka mpya, kazi unaifanya chini ya mti. Gia iko kwenye stelingi. Betri ikifa kuna tundu mbele unapiga hendeli linawaka. Na difu yake ndo usiseme, haina krauni na pinioni kama gari nyingine, ina skrubu ya chuma inazungusha gurudumu la shaba, halipigi kelele hata kidogo. Lakini ukilinyima mafuta au ukaweka mafuta ya kuokoteza, shaba inalika, unamwaga mafuta unaona yanameta meta kama dhahabu ya Geita, hapo kaa chini ulie. Mimi nimelia, gari la mwalimu mmoja, nilimwekea mafuta ya difu ya lori kwa ujeuri wangu tu. Nilimlipa kidogo kidogo mwaka mzima.

Nyuma springi za koili siyo majani, kwenye makorongo linainama linainuka halikurushi. Ndo maana lilishinda Safari 1963, 66, 67 na 68. Hizo mbili za katikati alichukua Bert Shankland na Rothwell, na Shankland alikuwa mtu wa Dar es Salaam, kwa hiyo msiwaachie Wakenya sifa zote. 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7. 1968 yakaanza 93, yakamaliza 7 vilevile. Mara zote mbili ni Nowicki na Cliff na Pijo.

MtotoWaIgoma
Shikamoo mzee wangu, wabeja sana! Hiyo ya mafuta kumeta nimecheka halafu nikaumia. Nikija Mabatini nikuletee nini?

MamaKashozi
Na sisi wa ng'ambo tusisahaulike, kuzunguka ziwa siyo Musoma tu. Leo ukitoka Mwanza unapita daraja la Kigongo–Busisi dakika chache tu uko upande wa pili, zamani ungepanga foleni ya kivuko mpaka chai iishe kwenye chupa. Unashika Sengerema, Geita, Chato, Muleba, Bukoba, halafu Kyaka unavuka Kagera, daraja lile majeshi ya Amin waliliripua 1978, ndo Mutukula, Masaka, Kampala, Jinja, Busia, Kisumu, Migori, Sirari, Tarime, Bunda, uko nyumbani. Mimi na mzee wangu tumeshapanga kuizunguka kwa Corolla, na Corolla yenyewe kiyoyozi hakifanyi kazi, anayetaka msafara aseme. Safari walishindwa 1953, sisi tutaiweza na lami 😁

NyakatoRelini
@MamaKashozi mimi nimo, mnijulishe.

Kuhusu kuifuata barabara, MtotoWaIgoma, tafuta zile ramani za 1:50,000 za idara ya upimaji, toleo la zamani kadiri utakavyopata, barabara ya enzi zile imechorwa humo, uiweke juu ya picha ya satelaiti. Lakini macho ndo kazi yenyewe. Angalia malambo. Wakijenga barabara ya moramu wanachimba pembeni, yale mashimo yakijaa maji yanakuwa lambo la ng'ombe, sasa ukiona malambo madogo matatu manne yamejipanga mstari mmoja porini, mstari huo haukuchorwa na Mungu. Angalia mijohoro mikubwa iliyopandwa kwa safu halafu haielekei popote. Na kile ninachokipenda zaidi ni maduka ya zamani ya Wahindi karibu na maginneri ya pamba, unakuta duka lina kibaraza kizuri na milango ya mbao, limeangalia shamba la mahindi na mgongo limeipa lami. Duka haliwezi kuangalia mahindi. Lilikuwa linaangalia barabara.

Kalavati lako lipige picha pande zote mbili na upime upana wake kwa futi kamba, maana upana ndo utakwambia kama lori mbili zilikuwa zinapishana hapo au mmoja alikuwa anasubiri.

MtotoWaIgoma
Aisee hilo la duka! Magu kuna moja liko hivyo hivyo nimelipita maisha yangu yote nikidhani mjenzi alikuwa mlevi.

Jumamosi naenda na futi kamba. Anayetaka tuondoke wote saa kumi na mbili asubuhi stendi ya Igoma, nauli kila mtu yake. Nimeshampigia mwenye shamba, amekubali ila anasema kalavati tusilisafishe mpaka avune, na tukikanyaga matuta tunalipa.

SatoWaKukaanga
Mi nakuja, ila viazi nabeba