Naomba ushauri: timu yangu ya vikapu ishambulie kwa mtindo gani?

Mvuvi wa Dunga (Kisumu)

Wanajukwaa, hamjambo. Ninasimamia timu ya mpira wa vikapu katika BuzzerBeater, ule mchezo wa mtandaoni wa kuongoza timu, na huu ni msimu wangu wa tatu. Tangu mwanzo nimekuwa nikichagua mtindo wa kukimbia na kutupa kutoka mbali, kwa kuwa walinzi wangu wawili, wale wanaouleta mpira na kutupa kutoka mbali, wana shabaha nzuri na ndio niliowafunza kwa muda mrefu zaidi. Jumamosi iliyopita tulifungwa 84 kwa 78 na timu iliyo chini yetu kwenye jedwali, nami nikakesha na takwimu za mechi hiyo, stima ikipotea na kurudi kama ilivyo desturi yake huku Nyalenda. Tulitupa mipira 31 ya pointi tatu, ikaingia 9. Senta wangu, yule mrefu wa chini ya kikapu, ambaye kwa kila kipimo alikuwa bora kuliko wa mpinzani, alitupa mara 8 tu usiku kucha, akafunga 6. Mpinzani alikuwa amepanga ulinzi wa kanda, yaani kila mchezaji analinda eneo lake badala ya mtu, watatu mbele na wawili nyuma.

Je, nihamie mtindo wa kupeleka mpira chini ya kikapu, au nivumilie huu nilio nao hadi walinzi wakomae? Jumamosi ijayo tunakutana na vinara wa kundi letu, na mtindo wa chini unajulikana kwa kucheza polepole, jambo linalonitia wasiwasi.

Kocha wa Lanet (Nakuru)

Ndugu Mvuvi, tuanze na hesabu. Mipira 9 ya pointi tatu ni pointi 27, na ukizigawa kwa mitupo 31 unabaki na pungufu ya pointi moja kwa kila mtupo. Senta wako alileta pointi 12 kwa mitupo 8, yaani moja na nusu kila alipoinua mkono. Anayetupa kutoka mbali akiingiza mpira mmoja katika kila mitatu, yuko sawa na anayetupa kwa karibu akaingiza nusu. Walinzi wako hawakufika hapo.

Hata hivyo usiwalaumu sana. Ulinzi wa watatu mbele na wawili nyuma umewekwa mahususi kuwasumbua watupaji wa mbali, na gharama yake ni kwamba eneo la chini ya kikapu linabaki na watu wachache. Mpinzani wako alikuwa ameshasoma mechi zako zilizopita, akaona kila wiki unatupa kutoka kule kule, akajenga ukuta hapo, nawe ukaendelea kuupiga mawe. Mimi nisingengoja Jumamosi: ningehamia chini leo.

Shangazi wa Milimani (Kisumu)

Kocha, hesabu zako sizipingi, ila unamharakisha kijana. Senta aliyefunga 6 kati ya 8 hatafunga 18 kati ya 24, kwa maana zile nafasi nane huenda ndizo zilizokuwa rahisi kuliko zote, na mipira mingine kumi na sita itamkuta amezungukwa na tayari amechoka.

Mwanangu Mvuvi, hujatuambia jambo moja: walinzi wako wanatoa pasi za namna gani? Wasimamizi wengi wakisikia mtindo wa chini humtazama senta peke yake, wakasahau kwamba mpira haufiki kwake kwa miguu yake. Mlinzi asiyejua pasi ataporwa mpira njiani, au ataufikisha wakati senta ameshazungukwa na watu wawili. Wale Chicago Bulls wa Phil Jackson, waliotwaa ubingwa mara sita katika miaka ya 1990 kwa mfumo wa pembetatu aliousimamia Tex Winter, hata warefu wao walitakiwa kujua kutoa pasi. Tuandikie viwango vyao kwanza, na cha fowadi wako mkubwa pia, yule anayecheza karibu na senta.

Mvuvi wa Dunga (Kisumu)

Asante, Shangazi. Mlinzi wa kwanza ana pasi ya kiwango cha 8, wa pili ana 4. Fowadi ninayemtumia ana 2, lakini anaruka vizuri. Kwenye benchi nina fowadi mzee mwenye 7, ambaye ribaundi, ile mipira inayodunda baada ya kukosa kikapu, zimeanza kumshinda.

Shangazi wa Milimani (Kisumu)

Basi jibu lako limekaa benchi. Huyo mzee aanze.

Fundi wa Kakamega

Ninaomba kugusa ule wasiwasi wa kucheza polepole, kwa sababu naona ndugu yetu anaogopa kitu ambacho kinaweza kumfaa. Mtu anayekuzidi ujuzi wa karata, mkicheza mizunguko ishirini atakushinda bila shaka. Mkicheza miwili, mkono mmoja mzuri unaweza kukuokoa. Vikapu ni vivyo hivyo. Kila zamu ya kushambulia ni mzunguko mmoja, na timu dhaifu inapozipunguza zamu hizo, inaipa bahati nafasi ya kuingia. Mwaka 1996 chuo cha Princeton, kikiongozwa na Pete Carril, kiliwatoa UCLA, waliokuwa mabingwa watetezi wa vyuo vya Marekani, kwa 43 kwa 41. Tazameni udogo wa hesabu hiyo: hawakukubali kukimbizana na watu waliowazidi mbio.

Kwa hiyo dhidi ya vinara cheza polepole bila aibu. Ule mtindo wa kukimbia ulipaswa kuutumia dhidi ya wanyonge, nao ungefaa zaidi kama ulinzi wao usingekuwa umekutega.

Neno moja kuhusu mazoezi: usiyabadilishe kwa sababu ya mechi moja. Mlinzi anayefunzwa anahitaji dakika 48 kwa wiki katika nafasi inayofunzwa ili afaidi kikamilifu, na ukianza kuwahamishahamisha wachezaji utajikuta umepoteza mechi na wiki ya mafunzo pamoja.

Kocha wa Lanet (Nakuru)

Kwa hilo la karata nimenyoosha mikono. Nilikuwa nikiwaza mechi iliyopita, wala si ijayo.

Mvuvi wa Dunga (Kisumu)

Nimeshaweka maagizo. Jumamosi tutashambulia chini, polepole, fowadi mzee akianza na yule mrukaji akimpokea mapema kabla ribaundi hazijatuishia. Mlinzi mwenye pasi ya 8 ndiye atakayeuleta mpira, na yule wa pili nimemsogeza pembeni ili wakimwacha peke yake atupe. Mazoezi yanabaki ya walinzi. Jambo ambalo bado linanikeresha ni kwamba vinara wenyewe hulinda kwa kanda ya wawili mbele na watatu nyuma katika mechi zao nyingi, na wakifanya hivyo, huyo wa pembeni atakuwa na kazi kubwa kuliko senta.

Shangazi wa Milimani (Kisumu)

Wao pia wamezisoma mechi zako, mwanangu. Wanakungoja mbele, kule ulikozoea kutupia.