Naomba ushauri: dawa ya magoti kwa mwenye presha

Hamjambo ndugu zangu. Shangazi ana miaka 66, anaishi Umoja, na eksirei inaonyesha gegedu la magoti yote mawili limesagika. Anameza losatani na haidroklorothiazaidi za presha, pamoja na aspirini miligramu 75 ya kuzuia damu kuganda.

Duka la dawa lilimpa etorikoksibu, dawa ya maumivu, miligramu 60. Hii ni ya ukoo mmoja na rofekoksibu, ile Vioxx ambayo Merck waliiondoa sokoni Septemba 2004 baada ya utafiti kuonyesha hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi ikipanda karibu maradufu. Tena etorikoksibu haifai mtu ambaye presha yake imekwama juu ya 140/90, na yake inacheza 150/95. Tumeisimamisha.

Parasetamoli gramu 1 mara tatu kwa siku inapunguza kidogo tu. Jeli ya diklofenaki ina nafuu, ila usiku maumivu hurudi. Ibuprofeni sitaki hata kuisikia: ikitangulia aspirini huizuia isifanye kazi, na ikijumlishwa na hizo mbili za presha, figo ndizo huumia.

Sasa, kabla hatujarudi kwa daktari: kati ya naproksini (ya maumivu, jamii ya ibuprofeni) pamoja na omeprazoli (ya kulinda tumbo), na selekoksibu (ya ukoo wa etorikoksibu) ya dozi ndogo, ipi mngeiulizia kwanza kwa mtu wa aina hii? (Najua zote zinagusa figo.) Na akianzishwa mojawapo, kreatinini na potasiamu (vipimo vya damu vya kuangalia figo) zipimwe baada ya muda gani?